Marehemu Ameingia Kazini

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi: nimeganda mbele ya kompyuta, chai inapoa, natazama jina la mtu ambaye kaburi lake nililitupia udongo kwa mkono wangu.

Na wewe unayeingia leo, karibu, hujachelewa. Mimi ni mtunza kanzidata wa hospitali kubwa. Majirani wanadhani natengeneza simu, wananiletea mpaka redio. Kazi yangu hasa ni kulinda data: nani mgonjwa, anaumwa nini, anapasuliwa lini. Nikifanya vizuri hakuna anayejua kama nipo. Nikikosea, hospitali nzima inanijua mimi na ukoo wangu.

Aliyenifundisha ni mzee tuliyemwita Bwana Nakala, kwa sababu hakuwa na kitu kimoja kimoja. Data alikuwa nazo nakala, funguo nakala, miwani nakala. Alipofariki niliifunga akaunti yake kwenye mfumo, kama kanuni zinavyotaka. Asubuhi yake hospitali ikaamka bila nakala za akiba, bila ripoti, bila ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa. Kumbe mzee alikuwa amezipanga kazi zote za alfajiri zijiendeshe zenyewe kwa jina lake. Nikaifungua akaunti yake mbio mbio, nikaapa kuzihamishia kazi zile kwenye jina lingine kesho. Kesho hiyo haijafika mpaka leo.

Ndiyo maana kila alfajiri jina la marehemu lilionekana kwenye mfumo. Wenzangu ofisini waliogopa. Mimi niliwacheka, maana nilijua ni mashine. Mpaka Ijumaa ile nilipokuta marehemu ameingia mchana, na kazi za alfajiri haziingii mchana. Mchana anaingia mtu.

Hapo ndipo tulipoachana.

Nikafuata nyayo zake. Mfumo wetu unaandika kila kitu: nani ameingia, kutoka mashine gani, amegusa nini. Hakukaa sana na hakuharibu kitu. Alifungua orodha ya upasuaji wa moyo, akawabadilishia nafasi wagonjwa wawili, akatoka. Aliyekuwa apasuliwe Alhamisi inayokuja alisogezwa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Aliyekuwa mwisho wa mwezi ujao aliletwa Alhamisi.

Hata adabu ilikuwa ya Bwana Nakala: ingia, fanya, toka, funga mlango.

Nikafungua jina la aliyeletwa mbele.

Mama yangu.

Naishi na mama. Vali ya moyo wake inavuja, na tangu mvua za kwanza analala amekaa, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Kila nikimuuliza daktari, jibu ni moja: zamu yake itafika. Nilikuwa naomba ifike kabla hatujamzika. Sasa ilikuwa imefika, na aliyeileta ni maiti.

Nitasema ukweli. Kabla sijaogopa, nilifurahi.

Halafu nikaangalia mashine iliyotumika, furaha ikanitoka. Ilikuwa mashine yangu. Hii hii niliyokuwa nimekaa mbele yake.

Hebu jiweke kwenye kiti changu. Akaunti ni ya marehemu, na niliyeifufua ni mimi. Mashine ni yangu. Mgonjwa aliyependelewa ni mama yangu. Ukimpa mtoto wa chekechea ushahidi huo, atakuonyesha mwizi kwa kidole.

Na yule aliyesogezwa nyuma? Jina lake lilikuwa mstari wa pili, kubonyeza tu. Sikubonyeza. Nilijua nikimjua sitaweza kula.

Sisi watunza kanzidata tuna kundi letu la simu, watu wa mabenki, wa vyuo, wa idara ya maji. Mfumo wa mmoja ukilala, wote tunaamka. Nikaandika: "Wakuu, kuna rafiki yangu kakuta akaunti ya marehemu imebadilisha kitu. Afanyeje?"

"Huyo rafiki yako anakaa kiti chako?" wa benki akajibu.

"Marehemu wenu anachapa kazi kuliko walio hai wa kwetu," akadakia wa idara ya maji. "Mtuazime."

Wakacheka, wakatumiana vikatuni. Halafu mama mmoja wa chuo, ambaye huwa haandiki sana, akaandika: "Mwambie rafiki yako asifute hata nukta. Akifuta nyayo, yeye ndiye mwizi."

Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kibonyezo cha kufuta. Nikauondoa.

Jumatatu bosi akaja. Bosi wetu tunamwita Bwana Dharura, kwa sababu kwake hata wino ukiisha ni dharura.

"Nimesikia marehemu anaingia mchana siku hizi."

"Nani kasema, bosi?"

"Mfagiaji. Aliliona jina kwenye skrini yako, katupa ufagio. Dharura hiyo! Alhamisi wakaguzi wanakuja. Nataka nijue ni nani, kagusa nini, na kila kitu kirudi kilipokuwa kabla orodha ya upasuaji haijachapwa Jumatano jioni. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka."

"Mbona unatokwa jasho?"

"Joto, bosi."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu.

Alipotoka nikajikaza. Nikabonyeza mstari wa pili.

Nikalisoma jina. Nikalisoma tena. Alikuwa mke wa Bwana Nakala.

Namwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Amenilisha miaka yote niliyokuwa mwanafunzi wa mumewe. Nilijua anahudhuria kliniki ya moyo, tena mara nyingi yeye na mama wanakaa benchi moja wakisubiri kuitwa. Sikujua tarehe yake. Kumbe mama yangu alikuwa amekaa kwenye nafasi ya mjane wa mwalimu wangu, na aliyempora mjane huyo ni jina la mumewe mwenyewe.

Sikuaga mtu. Nikaenda kwake.

Nyumba ile ilikuwa imenyamaza mno. Viatu vya mzee vilikuwa bado mlangoni, vimepigwa rangi. Shangazi alinifungulia polepole, akishika ukuta.

"Karibu, mwanangu. Mbona umekuja kama unafukuzwa?"

"Shangazi, shikamoo. Kuna mtu amekuondoa Alhamisi."

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Kuna mtu ametumia akaunti ya mzee..."

"Nimekwambia kaa."

Nikakaa. Akakaa na yeye, akavuta pumzi mpaka ikamtosha.

"Ni mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ijumaa nilikuja ofisini kwenu kuchukua miwani yake ya akiba. Umesahau? Ukanikalisha kwenye kiti chake, ambacho sasa ni chako, ukaenda kunitafutia chai. Ulikawia."

"Foleni ilikuwa ndefu," nikasema, kama vile hilo ndilo lililokuwa na maana.

"Macho yalipoanza kumsumbua, ni mimi niliyekuwa namchapia hapa nyumbani. Neno lake la siri nalijua kuliko jina la kanisa letu. Na ule ukurasa wa upasuaji si mgumu. Unachagua mtu, unabadilisha tarehe, basi."

"Lakini kwa nini, shangazi? Hiyo ni nafasi yako!"

"Daktari anasoma makaratasi. Mimi nakaa na mama yako benchi moja, namsikia anavyohema. Mwezi ujao mwishoni hafiki yule. Mimi labda nitafika."

"Na usipofika?"

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na simu ya zamani ya Bwana Nakala. Ilikuwa imechajiwa imejaa. Akanipa.

Ilikuwa imejaa ujumbe, wote wa alfajiri, wote wa aina moja. *Kazi zote zimekamilika salama.*

Nikaelewa. Kazi zilikuwa kwenye jina lake, kwa hiyo zikimalizika mfumo unampasha habari yeye. Kila alfajiri, miezi yote hii, hospitali ilikuwa inamtumia marehemu ujumbe. Na mkewe alikuwa analala na simu ile chini ya mto wake.

"Alipokuwa hai ilikuwa inalia hivyo hivyo," alisema. "Ananigusa bega, ananiambia, mke wangu, mambo salama, lala. Sasa inalia, nageuka upande wake. Siku moja haikulia."

Siku niliyofunga akaunti.

"Siku hiyo ndiyo nililia hasa. Mazishini sikulia vile. Mwanangu, mimi sina haraka ya kupona. Nikipona narudi kwenye nyumba hii. Mama yako akipona anarudi kwako."

Nilitaka kumwambia anakosea. Lakini sehemu moja ya moyo wangu, ile ninayoionea aibu mpaka ninapoandika haya, ilikuwa inasema: mwache, kakubali mwenyewe.

Barabara iliyonyooka ilikuwa kwenda kwa daktari, kumweleza yote, na kumwachia yeye apime nani anahitaji Alhamisi zaidi. Nilijua. Sikwenda. Daktari angeuliza ni nani aliifungua akaunti ya marehemu, na mimi ningepoteza kazi. Halafu, nilijiambia, huenda angepima akamchagua shangazi.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa kitandani, begi limefungwa, gauni limenyooshwa. Ujumbe wa hospitali ulikuwa umemfikia.

"Alhamisi!" alisema, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuwa nimeuona tangu augue. "Wameniita Alhamisi. Nani kanifanyia wema huu?"

"Mfumo tu, mama. Nafasi imepatikana."

"Imepatikanaje?"

"Mtu kaahirisha."

"Nani?"

"Mama, wagonjwa ni wengi. Nitamjua vipi kila mmoja?"

Akanitazama. Mama alinizaa, na alikuwa karani mpiga chapa kabla mimi sijajua kusoma. Uongo wangu anaunusa kabla sijaufungua mdomo.

"Mwenzangu wa benchi alikuwa aitwe Alhamisi," alisema polepole. "Aliniambia mwenyewe. Tumwombee basi, maana tutapasuliwa wote siku moja."

Nikasema naam, tutamwombea. Nikaenda kuoga ili nisiendelee kuzungumza.

Usiku ule sikufumba macho. Alfajiri nilikuwa nawaza simu ile ikilia kwenye nyumba ya shangazi. Kazi zote zimekamilika salama. Nikaona sitaweza. Kama mama angepona kwa nafasi ile, kila nikimwona anapanda ngazi ningekuwa namhesabia pumzi za mtu mwingine.

Jumanne yote na Jumatano mchana nilizunguka na uamuzi wangu kama mtu mwenye jino bovu. Jioni, watu wakiwa wanafunga ofisi, nikakaa. Orodha ya Alhamisi hujichapa yenyewe jioni ile, na ikishachapwa imefungwa. Hakuna anayeigusa isipokuwa daktari mkuu.

Nikaingia kwa jina langu mwenyewe. Angalau hilo nilifanya. Nikaandika amri ya kuwarudisha wote wawili walipokuwa: shangazi Alhamisi, mama mwisho wa mwezi ujao.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana balaa lote limelala hapa. Kanzidata yetu ina tabia moja. Ukibadilisha kitu, hakibadiliki kwa watu wote mpaka uthibitishe. Kabla ya hapo, wewe peke yako ndiye unayeona mapya. Dunia nzima inaona ya zamani. Na mistari uliyoigusa inafungwa. Mwingine akitaka kuiandika anasubiri nje, mpaka wewe uthibitishe au ughairi. Ukitoka tu, yeye anaingia.

Kwenye skrini yangu shangazi alikuwa Alhamisi. Kwa dunia nzima alikuwa bado mama. Kidole changu kilikuwa juu ya kibonyezo cha kuthibitisha, na hakishuki.

"Usibonyeze."

Niliruka. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkoba kifuani, anahema kwa ngazi.

"Nilijua utafanya hivi," alisema. "Mume wangu alinambia, huyu kijana ni mwoga lakini mwishoni hufanya sawa. Leo usifanye sawa. Nakuomba."

"Shangazi, rudi nyumbani."

"Sitoki."

Wakati huo kona ya skrini ikawaka. Alama ile ninaijua: kuna mtu anasubiri. Kuna mtu alitaka kuandika kwenye mstari wa mama yangu, amekuta nimeufunga, amesimama mlangoni.

Nikafungua nimwone ni nani.

Bwana Nakala.

Niligeuka kumtazama shangazi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye mkoba.

"Hilo neno la siri umempa nani?"

"Sijampa mtu! Naapa!"

Nikatafuta mashine aliyoingilia. Haikuwa ya hospitali. Ilikuwa kompyuta yangu ya nyumbani, ile ya zamu ninayokagulia kazi za alfajiri, ambayo kwa uvivu wangu huiacha wazi, akaunti ya marehemu ikiwa imeshafunguka. Na nyumbani kwangu hakuna mtu isipokuwa mmoja.

Nikapiga simu. Iliita mara nyingi.

"Mwanangu," mama akapokea, sauti yake fupi fupi. "Afadhali umepiga. Hii kompyuta yako ina nini? Inazunguka tu, haimalizi."

"Mama, umebonyeza nini?"

"Nimempisha mwenzangu. Nimeliona jina lake hapa, wamemsogeza mwisho wa mwezi ujao."

"Umebonyeza nini, mama?"

"Nimetafuta pa kubadilisha tarehe sikupaona. Nikaona pameandikwa *Ondoa mgonjwa kwenye orodha*. Nikabonyeza hapo. Nikitoka mimi, si yeye anarudi?"

Hapana. Mfumo haumrudishi mtu. Mfumo ungemfuta mama kabisa, si Alhamisi tu. Mwisho wa mwezi ujao pia, foleni yote, kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Kilichoizuia amri hiyo ni mimi, kwa sababu mstari wake nilikuwa nimeushikilia. Nikiuachia kwa namna yoyote, amri yake inapita. Nilichotakiwa kufanya ni kimoja tu: kuikata kwanza kompyuta ya nyumbani kwenye mfumo, kabla sijathibitisha wala kughairi.

"Mama, usiguse kitu chochote. Toa mkono hapo. Nisubiri."

"Siutoi mpaka imalize," akasema. "Ulinidanganya. Ulidhani nitakwenda kupasuliwa kwa pumzi ya mtu?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Shangazi alisikia kila neno. Lakini alichoelewa ni kimoja tu, kwamba mama anakataa nafasi, na kwamba mimi niko mbioni kumsaidia kuikataa. Alikuwa amemchapia mumewe miaka mingi. Alikijua kibonyezo cha kughairi.

Aliinama juu ya bega langu akakibonyeza.

"Shangazi, hapana!"

"Nimeghairi," alisema. "Nafasi ni yake. Imerudi kwake. Nimeghairi."

Kwenye simu mama akashusha pumzi, ile ya mtu aliyetua mzigo.

"Haya," alisema. "Sasa imemaliza."

Mashine ya kuchapa, upande wa pili wa ukuta, ikaanza kunguruma.

Nilirukia kibodi. Nilikuwa bado natafuta mstari wa mama yangu, ambao haukuwepo tena, wakati mlango ulipofunguliwa. Bwana Dharura alisimama pale, karatasi mkononi, bado ina joto. Alinitazama mimi, akamtazama mjane wa Bwana Nakala, akaitazama tena karatasi.

"Nafasi ya kwanza kesho ni tupu," alisema. "Daktari yupo, chumba kipo, damu imeandaliwa. Tunampasua nani?"